Ferritini ya mume Cork, ferritini ya kaka Tanga

Msomaji wetu mmoja ameuliza: «Daktari, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Cork, Ireland, na mume wangu ni Mwairishi mwenye umri wa miaka 47. Alikwenda kwa daktari wa familia kwa sababu ya uchovu na maumivu ya vidole. Vipimo vya ini vilionyesha ALT 68, na baadaye ferritini ikaonekana ni 1,240. Sasa wamempima jeni na kumwambia ana ugonjwa wa kurithi wa kujaa chuma mwilini, kwa hiyo atatolewa damu kila wiki. Wakati huohuo kaka yangu wa miaka 41, aliyeko Tanga, ameambiwa ALT yake ni 90 na ferritini ni 810, na yeye pia ameelezwa kwamba amejaa chuma. Mtu mmoja wa duka la dawa amemshauri akachangie damu. Je, huu ni ugonjwa mmoja? Je, ni pombe? Watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6, wapimwe? Na je, niache kumpikia mume wangu mchicha na maini?»

Marahaba, dada yangu. Nitakupa majibu kwanza, kisha nieleze sababu zake, kwa kuwa najua barua kama hii huandikwa na mtu aliyekosa usingizi. Mumeo ana ugonjwa wa kurithi wa kulimbikiza chuma, ambao kitabibu huitwa hemokromatosisi. Umegunduliwa kwa njia iliyo sahihi, na tiba yake ni ya zamani, haina gharama kubwa na huleta matokeo mazuri. Kaka yako, kwa kadiri ya maelezo uliyonipa, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba hana ugonjwa huo. Ana jambo jingine ambalo bado halijatafutwa, na asichangie damu mpaka litafutwe. Watoto hawana haja ya kuchomwa sindano sasa. Mchicha endelea kuupika, maini nitayafikia.

Kinachokuchanganya, na kinachowachanganya hata baadhi ya wenzangu, ni kwamba wanaume wawili wa familia moja wamepewa neno moja, ferritini, na kila mmoja ameonyeshwa namba iliyopita mpaka wa kawaida. Wengi hudhani ferritini ni kipimo cha chuma. Ukweli ni kwamba ferritini ni protini ambayo seli huitumia kuhifadhia chuma, na sehemu yake ndogo huvuja na kuonekana katika damu. Ghala likijaa, ferritini hupanda, hilo ni kweli. Lakini hupanda vilevile ini likiwa na mafuta, mtu akinywa pombe kwa wingi, akiwa na malaria kali, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini, saratani, au uvimbe wowote unaowasha kinga ya mwili. Hupanda pia seli za ini zinapoharibika na kumwaga kilichomo ndani yake. Kwa hiyo ferritini ya chini hukuambia jambo moja kwa uhakika, yaani chuma kimepungua, ilhali ferritini ya juu ni kama king'ora kinacholia mtaani: unajua kuna jambo, hujui ni nyumba gani.

Kipimo kinachotenganisha mambo hayo ni kingine, na bei yake si kubwa. Chuma husafiri katika damu kikiwa kimebebwa na protini iitwayo transferini, ambayo unaweza kuifikiria kama gari la abiria lenye viti. Kwa mtu wa kawaida karibu theluthi moja tu ya viti hivyo huwa na abiria. Maabara hupima chuma kilichomo katika damu, hupima uwezo wote wa kukibeba, kisha namba ya kwanza hugawanywa kwa ya pili. Katika karatasi ya mumeo uliyoniandikia, chuma ni 38 na uwezo wa kubeba ni 46. Gawanya, utapata asilimia 83. Hiyo ndiyo namba iliyomfanya daktari wa Cork aombe kipimo cha jeni, na alifanya vema. Wataalamu wa ini wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2022, wanataka mwanamume atiliwe shaka ya ugonjwa huu pale asilimia hiyo inapopita 50 huku ferritini ikiwa juu ya 300, na mwanamke pale inapopita 45 huku ferritini ikiwa juu ya 200. Zingatia kwamba zinatakiwa zote mbili kwa pamoja. Kwa kaka yako umenitajia moja tu.

Sasa tuingie katika ugonjwa wenyewe. Mwili wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne tu za chuma, uzito wa msumari mmoja. Kila siku utumbo hunyonya kutoka katika chakula miligramu moja au mbili, na kiasi kama hicho hupotea kupitia seli za ngozi na za utumbo zinazobanduka. Jambo la ajabu, ambalo hata nilipokuwa mwanafunzi lilinishangaza, ni kwamba mwili hauna njia ya makusudi ya kukitoa chuma kilichozidi. Maji yakizidi tunakojoa, lakini chuma kikizidi hakina pa kwenda. Mlango unaolindwa ni ule wa kuingilia tu, na bawabu wake ni homoni iitwayo hepsidini, inayotengenezwa na ini. Chuma kikitosha, ini hutoa hepsidini kwa wingi na utumbo hufunga. Kikipungua, hepsidini hushuka na utumbo hufungua.

Jeni inayoitwa HFE, iliyogunduliwa mwaka 1996 katika kromosomu ya sita, ni mojawapo ya vitu vinavyolisaidia ini kutambua kwamba ghala limejaa. Mtu aliyerithi kasoro ya jeni hiyo iitwayo C282Y kutoka kwa baba na kutoka kwa mama ana ini lisilotambua vizuri, hepsidini yake huwa kidogo kuliko inavyotakiwa, na utumbo wake huendelea kunyonya chuma kana kwamba ana upungufu. Ziada yenyewe kwa siku ni ndogo, lakini hesabu ya miaka ni nyingine: miligramu moja ya ziada kila siku, kwa miaka thelathini, ni gramu kumi na moja hivi, karibu mara tatu ya chuma chote alichopaswa kuwa nacho. Ndiyo sababu kijana wa miaka 20 mwenye jeni hii huwa mzima kabisa, na mwanamume wa miaka 47 ndiye anayekaa mbele ya daktari akilalamika uchovu. Ndiyo sababu pia wanawake huchelewa kuugua, kwa kuwa hedhi na uzazi huwapunguzia chuma bila wao kujua, na wengi huanza kujaa baada ya hedhi kukoma.

Kasoro ya C282Y ni ya watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini na magharibi, na hakuna nchi inayoibeba kwa wingi kama Ireland, ambako mtu mmoja kati ya kila 83 ana nakala zote mbili na mmoja kati ya watano ana nakala moja. Ni kasoro ya kale mno: wataalamu walipochunguza mifupa ya mwanamume wa Zama za Shaba, iliyofukuliwa katika kisiwa cha Rathlin, kaskazini mwa Ireland, waliikuta jeni hii humo, na mifupa hiyo ina umri wa karibu miaka 4,000. Mumeo, kwa maneno mengine, hakufanya kosa lolote. Amerithi kama watu wa mwambao walivyorithi selimundu.

Hata hivyo kuwa na jeni si kuwa na ugonjwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotangaza kipimo cha jeni kama kwamba ni hukumu. Utafiti uliofanywa Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia kwa miaka mingi watu wenye nakala mbili za C282Y. Karibu asilimia 28 ya wanaume ndio walioonyesha madhara ya wazi ya chuma, na kwa wanawake ilikuwa karibu asilimia moja tu. Wengine walibeba jeni wakaendelea na maisha yao. Ugonjwa unapatikana pale jeni, umri, jinsia, pombe na mambo mengine yanapokutana.

Umeuliza kuhusu pombe. Pombe haikumletea mumeo ugonjwa huu, lakini ni rafiki mbaya kwake kuliko kwa mtu mwingine. Pombe hupunguza hepsidini, hivyo huongeza unyonyaji wa chuma, na papo hapo hulijeruhi ini ambalo tayari chuma kinalijeruhi. Miongoni mwa watu wenye nakala mbili za C282Y, wanaokunywa zaidi ya gramu 60 za pombe kwa siku, ambazo kwa bia ya kawaida ya Ireland ni kama painti tatu, walionekana kupata sirosisi, yaani makovu makubwa ya ini yasiyorudi nyuma kwa urahisi, karibu mara tisa zaidi ya wanaokunywa chini ya hapo. Kama ini lake halina makovu, daktari wake atamruhusu kiasi kidogo. Kama lina makovu, aache kabisa. Mimi ningemshauri aache walau mpaka chuma kitakapokwisha kutolewa, kwa kuwa katika kipindi hicho tunataka kujua ALT inashuka kwa sababu gani.

Kuhusu ALT yenyewe, niseme neno kidogo, kwa sababu karatasi za maabara huandika «vipimo vya kazi ya ini» na jina hilo limewapotosha wengi. ALT na AST hazipimi kazi ya ini. Ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli za ini, na vikionekana vingi katika damu maana yake ni kwamba kuna seli zinazoumia. Kazi ya ini huonekana katika albumini, bilirubini na kuganda kwa damu. Mtu anaweza kuwa na ALT 68 na ini linalofanya kazi barabara, na mwingine akawa na ALT 35 huku ini limekwisha kusinyaa. Katika hemokromatosisi ALT hupanda kidogo tu, mara nyingi chini ya mara mbili ya mpaka, na kwa wengine haipandi kabisa. Kwa hiyo ALT iliyopanda kidogo, isiyomtisha mtu, ndiyo inayostahili kuulizwa maswali. Kosa ninaloliona mara nyingi katika kliniki za kawaida, za huko na za huku, ni kurudia kipimo hichohicho kila baada ya miezi mitatu kwa miaka, kana kwamba namba itachoka na kushuka yenyewe. Daktari akiona ALT imepanda, aulize pombe, uzito, kisukari, dawa na mitishamba, apime homa ya ini B na C, aombe ultrasaundi, na apime ferritini pamoja na ile asilimia ya transferini siku hiyohiyo, kwa damu moja.

Nilipokuwa nikifanya kazi Uingereza, mgonjwa mmoja mwenye asili ya Ireland aliingia chumbani na kunipa mkono wa kushoto. Kwa malezi yangu hilo lilikuwa tusi, na nakiri nilinuna kidogo. Alipoketi nikaona mkono wa kulia, ambao ulikuwa na fundo la kidole cha shahada na la kile cha kati yaliyovimba pale vidole vinapoungana na kiganja. Kumshika mkono mtu kulikuwa kunamwumiza. Mafundo hayo mawili ndiyo chuma hupenda kuyashambulia. Alikuwa ametibiwa baridi yabisi kwa miaka sita. Mwombe mumeo akunje ngumi taratibu mbele yako. Kama maumivu yako hapo, daktari wake ayaandike, na mumeo mwenyewe ajue mapema kwamba viungo ndivyo visivyopona vizuri hata chuma kikitolewa. Uchovu hupungua, ALT hushuka, rangi ya ngozi hurudi, moyo huweza kuimarika na makovu madogo ya ini kupungua. Vidole husuasua.

Kwa kuwa ferritini yake imepita 1,000, kuna jambo ambalo halipaswi kuachwa. Chini ya namba hiyo, mtu asiyekunywa pombe kwa wingi na asiye na homa ya ini ni nadra sana kuwa na sirosisi. Juu yake, uwezekano upo na lazima utafutwe, siku hizi kwa mashine inayopima ugumu wa ini kutoka juu ya ngozi bila kumchoma mtu, na mara chache kwa kuchukua kipande cha ini. Muulize daktari waziwazi: «Je, ugumu wa ini umepimwa?» Jibu likiwa kuna sirosisi, basi kila baada ya miezi sita afanyiwe ultrasaundi ya kutafuta saratani ya ini, na utaratibu huo haukomi hata ferritini ikishuka mpaka chini. Apimwe pia sukari, kwa sababu kongosho nalo hujaa chuma. Mwaka 1865 daktari Trousseau wa Paris alieleza mgonjwa mwenye kisukari, ini gumu na ngozi yenye rangi ya shaba, miaka mingi kabla mtu yeyote hajajua chanzo. Homoni za kiume zipimwe kama hamu ya tendo la ndoa imepungua, na moyo wake ukaguliwe.

Tiba yenyewe utaiona kwa macho. Atalazwa kwenye kiti, atachomwa sindano nene mkononi, na mfuko utajaa mililita 450 hadi 500 za damu nyekundu iliyokolea, uzito wa nusu kilo hivi ukiwa vuguvugu bado. Ndani ya mfuko huo kuna miligramu 200 hadi 250 za chuma. Uboho wake utatengeneza damu mpya, na ili kuitengeneza utakwenda kuchukua chuma katika ghala la ini. Hivyo tunamwaga ghala kwa kupitia damu. Mifuko ishirini ni gramu tano za chuma, kwa hiyo msishangae zoezi likichukua miezi sita au zaidi. Wingi wa damu hupimwa kabla ya kila mfuko, na ukishuka chini ya 12 mwendo hupunguzwa. Lengo ni ferritini ifike karibu na 50, kisha anaingia katika utaratibu wa mfuko mmoja kila baada ya miezi miwili hadi minne, maisha yake yote. Ferritini haishuki kwa mstari ulionyooka. Kuna wiki itakayogoma au hata kupanda. Msifadhaike. Anywe maji ya kutosha kabla, asiondoke haraka kitini, na siku hiyo asinyanyue mizigo.

Sasa jiko lako. Linganisha namba mbili: mfuko mmoja unatoa miligramu 250 kwa wiki, na chakula makini kabisa kitamzuilia miligramu chache tu kwa siku. Kwa hiyo chakula si tiba, na ninawasikitikia wagonjwa wanaonyimwa raha ya kula kwa faida ndogo kiasi hicho. Mchicha, kisamvu na maharage vina chuma cha mimea ambacho utumbo hukinyonya kwa shida. Maini na nyama nyekundu vina chuma kinachonyonywa kwa urahisi, hivyo maini yapungue yawe chakula cha nadra, nyama iwe ya kiasi. Chai ya rangi pamoja na chakula hupunguza unyonyaji wa chuma. Sisi huwaonya wajawazito wetu wasinywe chai wakati wa kula, na kwa mumeo onyo hilo linageuka kuwa ruhusa. Vidonge vya chuma, vya vitamini C na vile vya mchanganyiko vyenye chuma viondoke nyumbani kwake kabisa. Machungwa yenyewe ale.

Kuna kizuizi kimoja tu ninachokisisitiza bila kupepesa: asile chaza wabichi wala viumbe wengine wabichi wa baharini wenye kombe, ambao huko Ireland ni fahari ya meza. Katika maji ya bahari yenye joto huishi bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, anayestawi kwa kasi ya kutisha katika damu yenye chuma kingi na anayeweza kuua kwa siku chache. Bakteria wengi huhitaji chuma ili wakue. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago alifariki kwa aina ya bakteria wa tauni iliyodhoofishwa ili itumiwe maabara kwa usalama. Udhaifu wake ulikuwa ni kushindwa kujipatia chuma, na mtafiti huyo alikuwa na hemokromatosisi bila kujua.

Watoto. Mumeo ana nakala mbili zenye kasoro, kwa hiyo kila mtoto wenu amepokea moja kutoka kwake. Hilo ni hakika bila kipimo. Swali lililobaki ni wewe umempa nini. Kasoro ya C282Y karibu haipo kabisa kwa watu wenye asili ya Afrika, na kama wazee wako wote ni wa Tanga na mwambao, watoto wako ni wabebaji wa nakala moja tu, na mbebaji wa nakala moja ya C282Y hapati ugonjwa huu. Ukitaka utulivu kamili, au kama kuna babu wa Kizungu katika ukoo ambaye hatajwi sana, pima wewe mara moja tu, na jibu lako litakuwa jibu la watoto wote wawili. Laiti ungekuwa Mwairishi, uwezekano wa kila mtoto kuwa na nakala mbili ungekuwa mmoja katika kumi, na hata hapo tungesubiri wafike utu uzima, kwani chuma hakidhuru utotoni katika aina hii ya ugonjwa. Waambie tu wakiwa wakubwa, kwa sababu wao pia wanaweza kuoa au kuolewa na Mwairishi.

Wanaopaswa kupimwa sasa ni mashemeji zako. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na mumeo ana angalau nafasi moja kati ya nne ya kuwa na jeni hizohizo mbili, na wapimwe vyote vitatu: ferritini, asilimia ya transferini na jeni. Dada yake ambaye bado anapata hedhi anaweza kuonyesha ferritini safi kabisa huku akiwa na jeni zote mbili, asidanganyike. Wazazi wake wakiwa hai, nao waulizwe.

Tuje Tanga. Kaka yako na mumeo hawana damu moja, na jeni ya Rathlin haina njia ya kufika kwake kupitia ndoa yako. Nakueleza kosa langu ili lisirudiwe kwake. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini nilimwona seremala mmoja wa Unguja mwenye ferritini ya 900 na ALT iliyopanda, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusoma habari za hemokromatosisi, niliagiza kipimo cha jeni kilichopelekwa nje ya nchi kwa fedha zake mwenyewe. Majibu yalichukua miezi miwili na yalikuwa safi. Ndipo nilipopima homa ya ini B, kipimo cha tone la damu ambacho kingetoa jibu palepale, ikawa ndiyo. Miezi miwili na fedha ya mbao zake vilipotea kwa sababu nilitafuta ugonjwa wa nadra kabla ya kutafuta ugonjwa wa jirani.

Kwa hiyo kaka yako aanze na antijeni ya homa ya ini B, kisha homa ya ini C na virusi vya Ukimwi. Apimwe sukari, mafuta ya damu, shinikizo na mzunguko wa kiuno, na afanyiwe ultrasaundi. Mwanamume wa miaka 41 mwenye kitambi, ALT 90 na ferritini 810 mara nyingi hukutwa na ini lenye mafuta, na hapo ferritini ni ishara ya mafuta na uvimbe kuliko ishara ya chuma. Aulizwe pombe kwa upole, asionekane kama mshtakiwa, na aulizwe pia mitishamba. Kama siku aliyopimwa alikuwa na homa, kipimo kirudiwe wiki kadhaa baada ya kupona. Kama ana selimundu au amewahi kuongezewa damu mara nyingi, hiyo ni habari nyingine kabisa, kwani kila chupa ya damu huingiza chuma kile kile tunachomtoa mumeo.

Ipo pia aina ya kujaa chuma ambayo kwetu Afrika ina historia yake. Ilielezwa Johannesburg mwaka 1929, na baadaye ikachunguzwa sana Afrika Kusini na Zimbabwe, kwa watu wanaokunywa kwa miaka mingi pombe ya kienyeji iliyopikwa katika mapipa ya chuma. Asidi ya pombe hula pipa, na lita moja huweza kuwa na makumi ya miligramu za chuma. Inaonekana kuna urithi fulani unaochangia, lakini si C282Y. Kama kaka yako ni mnywaji wa pombe ya pipa, daktari wake aambiwe. Zipo vilevile jeni nyingine za nadra, za hepsidini na za wenzake, ambazo hazichagui kabila, ila huwezi kuzifikiria kabla ya kuona asilimia ya transferini iliyobaki juu mara mbili, na picha ya MRI inayoonyesha chuma ndani ya ini.

Ushauri wa duka la dawa kwamba akachangie damu aukatae kwa sasa. Kama ana homa ya ini B, damu yake haifai kupewa mtu. Kama hajajaa chuma, atakuwa anajitia upungufu wa damu bila faida. Na kama kweli amejaa, damu itatolewa kwa mpango na kwa kupimwa. Aende asubuhi, bila kula, akiwa ameacha vidonge vyovyote vya chuma na vitamini kwa siku kadhaa, aombe chuma cha damu na uwezo wa kukibeba. Akiambiwa ni asilimia 28, habari ya jeni imekwisha na aelekeze fedha yake kwenye ini lenyewe. Akiambiwa ni 60, arudie mara ya pili kabla mtu yeyote hajamwambia neno. Kisha aniandikie namba zote pamoja na tarehe zake na jibu la homa ya ini B. Ferritini peke yake asiniletee tena.